Krediti Tisa

Shangazi alikuwa dobi. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake, pasi mbili, karai la maji na kamba nne za kutundikia nguo. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amepiga pasi nguo za mtaa mzima. Wateja wengine aliwajua zaidi kwa kola zao kuliko kwa majina yao.

Siku hizi alifanya kazi kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Alipapasa mshono, akanyoosha mkono wa shati, akashusha pasi polepole. Mara nyingine pasi ilikosea njia. Wiki moja iliunguza kola ya shati jeupe la mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa muungwana, akasema si kitu. Lakini hakurudi tena.

Shangazi alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa ulianza kula uoni wa pembeni, ukawa unasogea katikati. Sasa aliona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari wa macho alimpa dawa ya matone, kisha akamweleza ukweli.

"Kilichopotea hakirudi, mama. Tunalinda kilichobaki."

"Kitabaki mpaka lini?"

"Pengine mwaka mmoja. Siwezi kuapa."

Shangazi alitoka pale bila kulia. Alikuwa ameshika mkono wa binti wa marehemu kaka yake, aliyemsindikiza. Njiani akamwambia, "Mwaka unatosha. Wewe unamaliza chuo miezi mitano ijayo. Nataka nikuone siku ile. Baada ya hapo macho yaende zake, sitayadai."

Binti huyo mtaani walimwita Profesa. Jina alilipata akiwa na miaka saba, kwa sababu kila karatasi iliyofungiwa kitu dukani aliisoma kwanza ndipo aitupe. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo. Shangazi hakujaliwa mtoto, basi alimchukua huyu, akamlea na kumsomesha kwa pasi. Sasa Profesa alikuwa mwaka wa tatu, mwaka wa mwisho, akisomea shahada ya lishe. Alitaka afanye kazi hospitalini, awafundishe kina mama jinsi ya kulisha watoto wanaodhoofika.

Miezi minne baadaye, chuo kilibandika orodha ya wanafunzi watakaohitimu. Wanafunzi walijazana kwenye ubao wa matangazo, wakisukumana na kucheka. Profesa alisubiri wapungue, kisha akasogea. Akapitisha kidole kwenye orodha ya idara yake kutoka juu hadi chini. Jina lake hakuliona. Akarudia. Mara ya tatu alisoma polepole, kama mtoto anayejifunza herufi. Jina halikuwamo.

Rafiki yake waliyesoma naye tangu mwaka wa kwanza alikuwa msichana mrefu mwembamba. Wenzake walimwita Twiga. Jina la Twiga lilikuwamo.

"Watakuwa wamekuruka tu," Twiga alisema. "Nenda ofisi ya usajili, watakuongeza."

Ofisini kulikuwa na dirisha la kioo na foleni ndefu. Nyuma ya kioo aliketi karani wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Wanafunzi walimwita Bi Faili, kwa sababu hakuamini jambo lolote lisilokuwa ndani ya faili.

"Jina langu halimo kwenye orodha," Profesa alisema.

"Namba ya usajili?"

Profesa akaitaja. Bi Faili akaandika kwenye kompyuta, akatazama skrini yake kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Hujarukwa, binti. Umepungukiwa krediti tisa."

Kila somo pale chuoni lilikuwa na uzito wake, na uzito huo uliitwa krediti. Somo la kawaida lilikuwa na krediti tatu. Shahada ya lishe ilitaka krediti mia moja na ishirini. Hilo Profesa alilijua, na alikuwa ameandika hesabu yake nyuma ya daftari.

"Haiwezekani," alisema. "Nimezihesabu mwenyewe. Ninazo mia na ishirini kamili."

"Kwenye mfumo zipo mia na kumi na saba. Na katika hizo, zinazohesabika kwa shahada yako ni mia na kumi na moja." Bi Faili alisema bila ukali, kama mtu anayesoma bei. "Takwimu ya Kwanza ulifeli mwaka wa kwanza. Hukurudia."

"Nilichukua somo jingine badala yake. Nilifaulu."

"Somo la hiari. Takwimu ni somo la lazima, halina badala yake. Takwimu ya Pili nayo hukusoma kabisa."

"Mfumo ulinikatalia. Nilidhani mtandao ni mbovu, nikaweka somo jingine."

"Ulikukatalia kwa sababu hukuwa na ya Kwanza. Ulikuwa unakuambia kitu. Halafu Lishe ya Mama na Mtoto haimo."

"Hiyo nilisoma. Sikukosa hata kipindi kimoja. Mtihani niliufanya, nilikaa mstari wa mbele."

"Kwenye mfumo ulilichagua, hukulithibitisha. Somo lisilothibitishwa linafutika lenyewe. Matokeo yalipotoka bila somo hilo, hukuona?"

"Niliona pako wazi. Nilidhani mwalimu amechelewa kusahihisha."

"Ungekuja ndani ya siku thelathini tungeweza kulishughulikia. Sasa imepita miezi minne." Bi Faili alivua miwani. "Takwimu ya Kwanza inafundishwa muhula wa kwanza tu. Ya Pili, muhula wa pili. Huwezi kuzisoma pamoja. Kwa hiyo ni mwaka mzima."

Nyuma yake mtu akasema, "Dada, tuko wengi." Profesa akaondoka dirishani. Alipofika nje hakukumbuka ametokea mlango upi.

Alimkuta Twiga chini ya ngazi. "Wewe uliniambia krediti ni krediti, ziwe za somo lolote," alisema.

Twiga aliinamisha kichwa. "Nami niliambiwa hivyohivyo na waliotutangulia. Mimi sikufeli, kwa hiyo sikupata kujua kama ni uongo."

Twiga hakumdanganya kwa kusudi. Na yeye mwenyewe hakuwahi kuuliza mtu mwingine.

Alirudi nyumbani akiwa amedhamiria kusema. Alipofika mlangoni alimkuta Shangazi na wateja wawili.

"Mwezi ujao msinitafute," Shangazi alikuwa anawaambia. "Nitafunga duka siku nzima. Profesa wangu anahitimu." Akageuza kichwa alipozisikia hatua. "Ni wewe? Hebu uliza chuoni kama wanaruhusu mtu kukaa mbele kabisa. Waambie ni kwa ajili ya macho."

"Nitauliza, Shangazi," Profesa alisema.

Uongo huo ulizaa mwingine. Kesho yake alisema ameuliza, wakasema watajibu. Keshokutwa alisema bado hawajajibu. Chakula kilimshinda. Asubuhi alivaa, akabeba begi, akatoka kama anayekwenda chuoni. Kumbe alikuwa anakwenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya posta, akitazama watu wanaoingia na kutoka mpaka jua ligeuke. Kichwani alikuwa anahesabu miezi. Mahafali mengine yangekuja miezi kumi na saba baada ya siku ile ya daktari. Daktari alisema mwaka. Hesabu hiyo haikuhitaji takwimu.

Siku nyingine aliwaza kutorudi nyumbani kabisa. Apande basi lolote, ashuke popote, atafute kazi ya kuosha vyombo, aandike barua. Lakini barua yenyewe ingesomwa na nani? Shangazi alikuwa hawezi tena kusoma mwandiko wa mkono.

Siku ya tisa Shangazi alimwita mezani. Alikuwa anapiga pasi mapazia.

"Unatembea kama mtu aliyebeba ndoo bila ngata," alisema. "Nimepungukiwa macho, sijapungukiwa masikio. Nini kimekupata?"

Profesa akasema yote. Alisema akiwa amesimama, akiangalia sakafu. Alipomaliza, Shangazi aliisimamisha pasi wima, akaichomoa waya.

"Umejua tangu lini?"

"Siku tisa."

"Siku tisa umeniacha nawatangazia watu."

"Nisamehe, Shangazi."

"Ni mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

Shangazi alikivuta kigoda, akakaa. Akafunika macho kwa viganja vyote viwili. Hakumgombeza, na Profesa alitamani agombezwe. Mteja mmoja aliingia kuchukua suruali zake, akauliza siku ya mahafali ni lini hasa, ili aje na zawadi. Shangazi hakuondoa mikono usoni. "Bado," alisema. "Mwakani."

Jioni walikula, sahani zikarudi na chakula zaidi ya nusu.

"Naacha," Profesa alisema ghafla. "Nitakaa hapa dukani nikusaidie. Macho yako yanahitaji mtu. Sitaki kurudi pale."

"Utaacha kwa ajili ya macho yangu, au kwa ajili ya aibu?"

Profesa alianza kukusanya sahani.

"Macho yangu usiyasingizie," Shangazi alisema. "Kesho nipeleke kwa huyo karani. Nataka nielezwe mimi."

Kesho yake walikwenda. Shangazi alipanda ngazi akipapasa ukuta. Bi Faili alipomwona, alitoka nyuma ya kioo chake, jambo ambalo wanafunzi hawakuwahi kuliona, akamwingiza ndani na kumpa kiti.

"Dada yangu, mimi sikusoma sana," Shangazi alisema. "Mtoto anasema ana krediti mia na kumi na saba, na zinazotakiwa ni mia na ishirini. Hapo mimi naona zimepungua tatu. Hizo tisa zinatoka wapi?"

Bi Faili alichukua karatasi. "Shahada hii inataka krediti tisini na sita za masomo ya lazima, na ishirini na nne za masomo ya hiari. Huyu ana themanini na saba za lazima, na thelathini za hiari. Za hiari zimezidi sita. Lakini sita hizo haziwezi kuhamia kule kwenye pengo."

Shangazi aliinua kiganja. "Ngoja. Mteja akiniletea mashati sita na suruali mbili, nikamrudishia mashati manne na suruali nne, jumla ni nguo nane kama alizoleta. Ila atazikubali?"

"Hatazikubali."

"Atataka mashati yake."

"Ndivyo, dada. Chuo nacho kinataka mashati yake."

Profesa aliitazama ile karatasi. Miaka mitatu alikuwa anahesabu jumla tu. Hakuwahi kuuliza ni krediti za aina gani.

"Na hili somo alilolisoma likapotea?" Shangazi aliuliza.

"Wewe mteja akikuletea nguo, unafanya nini kwanza?"

"Namwandikia risiti. Moja yake, moja yangu."

"Huyu aliacha nguo mezani bila risiti. Ikafuliwa, ikapigwa pasi vizuri kabisa. Siku ya kuidai, haimo daftarini."

"Mimi ningempa tu. Ningemjua mtu wangu."

"Hapa wapo wanafunzi elfu tisa," Bi Faili alisema. "Hakuna anayemjua mtu. Ndiyo maana ya risiti."

Shangazi alitikisa kichwa polepole. Kisha akauliza alichokuja kuuliza. "Hakuna njia yoyote ya kufupisha huu mwaka? Nina sababu yangu. Macho yangu hayatafika."

Bi Faili alifungua kitabu cha kanuni, akasoma ukurasa mmoja, akasoma mwingine. Profesa aliona anatafuta kweli. Mwishowe alikifunga.

"Hakuna, dada. Ningekuwa na uwezo ningekusaidia."

Halafu akamgeukia Profesa. "Mshauri wako wa masomo ni nani?"

"Simjui."

"Miaka mitatu?"

"Sikujua kama ninaye."

"Kila mwanafunzi anaye. Jina lake limo kwenye barua yako ya kupokelewa chuoni. Nenda kwake leo, usiondoke bila mpango ulioandikwa na kusainiwa."

Mshauri wa masomo alikuwa mhadhiri mpole aliyezungukwa na marundo ya madaftari. Alipoyaona matokeo ya Profesa, alijikuna shingo.

"Mwanafunzi wangu akifeli somo la lazima, napaswa kumwita," alisema. "Sikukuita. Hilo ni kosa langu. Nawe hukuja. Sasa tumekutana wakati umeshapita."

Akatoa kitabu cha mwongozo wa chuo, akafungua ukurasa wa shahada ya lishe. Masomo yote yalikuwa yamepangwa pale mwaka kwa mwaka. Ya lazima yalikuwa na nyota. Pembeni iliandikwa kila somo linahitaji somo gani kabla yake.

"Huu ndio mkataba wako na chuo. Umewahi kuusoma?"

Profesa alikuwa na kitabu hicho nyumbani, kipya, hakijawahi kukunjwa. Yeye aliyesoma kila karatasi ya dukani hakuwa ameufungua ukurasa ule. Aliona haya, akasema ukweli.

Wakakaa saa nzima. Waliweka ukurasa wa mwongozo upande mmoja na matokeo upande wa pili. Kila somo alilofaulu lilipigwa tiki. Yasiyo na tiki yalibaki matatu. Muhula wa kwanza: Takwimu ya Kwanza, na Lishe ya Mama na Mtoto. Muhula wa pili: Takwimu ya Pili. Mshauri akaandika, akasaini, Profesa naye akasaini.

"Wiki mbili za mwanzo wa muhula, dirisha la usajili liko wazi," alisema mshauri. "Unaweza kuongeza somo au kuliacha. Likishafungwa, hata mimi siwezi kulifungua. Sajili siku ya kwanza. Thibitisha. Chapisha karatasi, nenda nayo kwa karani akuangalizie kama umo. Na matokeo yakitoka na pengo, usingoje. Njoo siku hiyohiyo."

Siku chache kabla ya mahafali, Twiga alikuja dukani na joho lake jeusi ndani ya mfuko. Lilikuwa limekunjamana. Alisimama mlangoni kwa muda, hajui aingie au arudi.

"Ingia, mwanangu," Shangazi alisema. "Kazi ni kazi."

Alilitandaza mezani, akalipapasa mikono na kola pana. Akaliinua karibu kabisa na uso, akalizungusha mbele ya kile kitundu kidogo alichobakiwa nacho. Kisha akalipiga pasi kwa uangalifu zaidi kuliko nguo yoyote ya mwaka ule.

Twiga alimnong'oneza Profesa, "Livae. Dakika moja tu, akuone."

Shangazi alisikia. Pasi ilisimama. Profesa alitambua kwamba Shangazi anaipima ile ofa, anaitaka.

"Hapana," Shangazi alisema mwishowe. "Hilo ni la mwenzio. Wewe lako bado."

Twiga alilia alipokuwa analipokea. Siku ya mahafali Profesa alishinda dukani akikunja mashuka, na hakuna aliyetaja habari hiyo.

Mwaka ulianza vibaya. Darasa la Takwimu ya Kwanza lilijaa wanafunzi wapya waliomwita "mama", ingawa aliwazidi miaka mitatu tu. Baada ya kila kipindi alikwenda kwa mhadhiri na maswali yake, kwa kuwa mara ya kwanza alifeli kwa kuogopa kuonekana mjinga. Usajili aliufanya siku ya kwanza. Alithibitisha, akachapisha karatasi, akampelekea Bi Faili. Bi Faili akatafuta, akasema, "Umo. Masomo mawili." Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia Profesa neno hilo.

Nyumbani mambo yaliteremka. Shangazi alijiunguza mkono, mara moja, mara ya pili. Kwa mara ya tatu alichomoa waya wa pasi mwenyewe, akaukunja vizuri. "Shika wewe," alimwambia Profesa. Tangu siku hiyo Profesa alipiga pasi alfajiri kabla ya vipindi, na Shangazi akakaa kwenye kigoda akipanga soksi na kushona vifungo kwa kupapasa. Asubuhi moja aliuliza kwa nini taa haijawashwa. Taa ilikuwa imewashwa, na jua limeshachomoza. Profesa hakumjibu haraka. Ukimya wake ukawa ndio jibu.

"Sawa," Shangazi alisema. Akaendelea kupanga soksi. Moja ilidondoka, akaitafuta chini muda mrefu, na Profesa aliogopa kumsaidia.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja tangu kwa daktari.

Siku ya kwanza ya muhula wa pili, Profesa aliketi mbele ya kompyuta ya maktaba kusajili Takwimu ya Pili. Mfumo ukaandika: hairuhusiwi. Yalikuwa maandishi yaleyale ya miaka iliyopita. Zamani angeweka somo jingine, akaenda zake. Safari hii alichapisha ule ukurasa, akakimbia kwa Bi Faili.

"Nimefaulu ya Kwanza. Mhadhiri aliniambia. Mfumo unanikatalia."

Bi Faili alitazama. "Matokeo ya darasa zima hayajaingizwa. Wangapi wamekatazwa kama wewe?"

"Sijui. Darasa tulikuwa themanini."

"Na amekuja mmoja." Bi Faili alinyanyua simu, akampigia mhadhiri. Matokeo yaliingizwa baada ya siku tatu, dirisha la usajili likiwa bado wazi. Profesa alisajili, akathibitisha, akachapisha. Kisha alirudi darasani na kuwatangazia wenzake wote. Wengi walikuwa wameshaweka masomo ya hiari badala ya Takwimu. Waliyaacha, wakarudi kwenye somo la lazima kabla dirisha halijafungwa.

Baada ya hapo Bi Faili alimwomba akae nje ya ofisi kila siku mpaka dirisha lifungwe, na meza ndogo na kitabu cha mwongozo. Wanafunzi walikuja na matokeo yao, wakaweka karatasi mbili sambamba, wakapiga tiki. Msichana mmoja wa mwaka wa pili alikuta ana pengo la somo la lazima la mwaka wa kwanza. Alishtuka, akaanza kulia.

"Usilie," Profesa alimwambia. "Wewe umeliona mapema. Unalisoma muhula huu, unamaliza na wenzako." Alimwandikia jina la mshauri wake na namba ya chumba. Alipomaliza, aliingia chooni, akajifungia, akalia yeye.

Takwimu ya Pili alifaulu kwa alama za wastani. Matokeo yalipotoka aliyasoma siku hiyohiyo, mstari kwa mstari, wala hapakuwa na pengo. Orodha ilipobandikwa, jina lake lilikuwa la kumi na moja kutoka juu. Alikwenda nyumbani akamwambia Shangazi, na Shangazi akamwambia, "Nisomee lilivyoandikwa." Akamsomea: lake, la baba, la babu. Shangazi akamwomba arudie.

Siku ya mahafali ukumbi ulijaa. Bi Faili alikuwa amewatafutia kiti cha mbele kabisa, ingawa sasa hakikuwa na maana. Twiga, aliyekuwa ameshapata kazi hospitalini, aliomba ruhusa akaja kukaa na Shangazi. Profesa alipanga foleni na wenzake kando ya jukwaa. Kutoka pale alimwona Shangazi amevaa gauni lake la bluu, mikono juu ya magoti, kichwa ameinamisha kidogo kama anayesikiliza redio ya jirani. Kila jina lilipotajwa midomo yake ilicheza. Alikuwa anayahesabu.

Lilipotajwa jina la kumi na moja, lake na la baba na la babu, Profesa alipanda jukwaani. Alipokea cheti kwa mikono miwili, akageuka kutafuta kiti cha mbele. Shangazi alikuwa amesimama. Kelele za ukumbi zilimchanganya, hakujua jukwaa liko wapi. Alikuwa ameelekeza uso mlangoni, amempa Profesa mgongo, anapiga makofi kwa nguvu zake zote. Twiga alimgusa bega ili amgeuze. Profesa, kutoka juu kule, alitikisa kichwa kumwambia amwache.